Malaika Saba, Labda Wanane

Cleveland, Februari, saa kumi na moja alfajiri.
Bomba la mvuke linagonga ukutani kama mdai.
Vernita kasimama mbele ya kioo cha bafuni,
mkononi kofia ya jikoni ya hospitali,
ile ambayo mpira wake, miaka kumi na tisa,
umemla panja zote mbili.

Si mpira peke yake.
Kulikuwa na misuko ya Ijumaa,
ya kubana hadi nyusi zikapanda,
akiambiwa vumilia, naye akavumilia,
nywele zikachoka kabla yake.

Leo kawaona.
Malaika saba pembeni mwa paji. Kahesabu.
Labda wanane;
huyo wa nane huenda ni uzi wa taulo.
Laini, hawana hata weusi wa kujivunia,
wamejikunja kama wanaosikiliza.

Mafuta ya nyonyo, tone moja,
kwanza ayapashe kati ya vidole.
Hasugui. Anagusa,
kama anavyojaribu kwa kifundo cha mkono
uji wa wagonjwa wasioweza kusema
kwamba umewaunguza.

“Mama, basi!” Bintiye Tamia, mlangoni.
Mswaki wa nywele uko pale, na jeli
ya kulaza kila kinachoinua kichwa.
Anaifungua. Anainusa.
Anairudisha kabatini.

Kisha kitambaa cha hariri, kilegevu,
fundo kisogoni, mbali na wachanga hawa,
na kofia ya sufu juu yake.

Nje, kwenye theluji, alama mbili za magurudumu.
Basi limeshapita.
Na lipite.