Nusu Kilo

Tuliiita Ratili,
kwa heshima ya kipimo cha zamani,
cha siku ambazo kahawa ilisomesha watoto.
Tulikuwa watano, Pasua, nyuma ya duka la vipuri,
feni moja na umeme wa kubahatisha,
tukiandika programu ya kupimia mazao ya watu.
Hakuna aliyeuliza, "Nalipwa nini?"
Ingekuwa kama kwenda msibani
ukauliza bei ya chai.

Ndekirwa alifundisha hesabu mchana, usiku akaandika.
Aikaruwa alibishana nasi wiki nzima
kwa ajili ya neno moja, futa:
karani akiliona, alisema, atatetemeka,
atadhani anafuta madeni ya watu.
Tukaweka ondoa.
Vyama kumi na vinane vikaitumia,
msimbo wazi, wa kila mtu, bure.

Bure. Tamu mdomoni.

Kisha salamu zikapungua.
"Mbona bado?" "Nyie mmelala?"
Jamaa mmoja wa Arusha,
aliyeipaka kazi yetu rangi ya buluu na kuiuza kwa jina lake,
alituandikia saa nane usiku:
"Nina wateja wanasubiri."
Wateja wake. Usiku wetu.

Kwetu Uru, mfongo una siku yake.
Pembe ikilia, kila nyumba inatoa jembe.
Asiyekuja kwenye msaragambo analipa debe la mbege,
na migomba yake inakunywa mwisho.
Hatukanwi mtu. Ni hesabu.
Sisi hatukupiga pembe,
hatukupanga zamu,
tulidhani upendo ni mfereji unaojichimba.

Akaja mfadhili na fedha za mtu mmoja.
Mmoja, miezi kumi na minane.
Tulikaa kuamua hadi nyama ikapoa.
Wakanichagua mimi:
sikuwa na kazi, nilikuwa na mtoto.
Ndekirwa alisema, "Sawa,"
sawa ya mtu anayefunga mlango taratibu
ili usisikie kitasa.

Nilinunua meza. Nililipa ada ya chekechea.
Nilipomwomba anitazamie kasoro fulani, akajibu:
"Hiyo si ndiyo kazi yako?"
Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniuma.
Aikaruwa akahamia Dodoma.
Wengine wawili hata hawakuaga,
walinyamaza tu, kila mmoja kwa wiki yake.
Nikabaki na meza.

Mwezi wa kumi na tisa fedha zilikatika
kama maji ya bomba, bila taarifa.
Ndipo mama Ndeshukurwa, karani wa Kibosho, akapiga simu:
"Mwanangu, Ratili inakula nusu kilo.
Kila gunia.
Watu wanadhani ni mimi."

Usiku ule mtoto alikuwa na homa.
Nilifungua kompyuta, nikaifunga.
Nikaifungua.
Na kwa mara ya kwanza, peke yangu,
kitambaa cha maji mkononi,
niliuliza bei ya chai.

Asubuhi nilikuta rekebisho limeshaingia,
mistari kumi na mmoja, saa kumi alfajiri,
na chini yake maneno matatu ya mwalimu wa hesabu:
Nimezibua. Usinilipe. Usinizoee.

Nilimwambia mama Ndeshukurwa apime tena.
Nikasikia gunia likiburutwa,
pumzi yake, kisha kimya cha mtu anayesoma namba,
kisha "Eh!" moja tu,
na simu ikakatika.

Sina pembe ya kupiga.
Nilichukua risiti ya dawa, nikaigeuza,
nikaandika siku za juma, na majina mawili,
lake kwa penseli, mpaka akubali.
Kwa yule wa Arusha niliandika debe moja.
Jumapili niliiacha wazi.