Kopo la Bi Zuleide

Tulipanda ngazi mia mbili na kumi na tatu,
mimi na wanafunzi sita,
vitambulisho vya chuo vikining'inia kifuani,
na fomu zenye maswali arobaini na moja.
Chini yetu Recife ilikuwa ikikauka taratibu,
na mlima wa Alto do Cajá umefunikwa maturubai meusi
kama kidonda kilichofungwa na mtu asiye na bandeji.

Bi Zuleide alikuwa anaanua nguo. Hakugeuka.
"Ninyi ni wa saba," alisema.
"Wa kwanza waliuliza tunakula mara ngapi.
Wa tatu walimpima kichwa mjukuu wangu.
Wa tano wakapiga picha choo, wakashukuru.
Hakuna aliyerudi, hata kuniambia nilijibu nini."

Nina shahada tatu.
Hakuna hata moja iliyonipa neno.
Jaciara, ambaye darasani hukaa nyuma, karibu na mlango,
aliweka fomu chini, akashika ncha za pili za shuka,
wakalikunja pamoja,
wakikutana na kuachana,
na kukutana.

Ndipo likatolewa kopo.
La maziwa ya unga, lenye kutu ukingoni,
na rula ya shule iliyokatikia kwenye kumi na tisa.
Na madaftari, kumi na moja,
kila asubuhi tangu ule usiku wa Mei
udongo uliposhuka ukaichukua nyumba ya Edilson, kaka yake,
na Edilson.
"Sentimita saba kwa siku mbili, mlima unaanza kusikiliza.
Zikifika kumi, naamsha watu."

Kipimo chetu, cha bei ya gari,
kilikuwa kimesimama uwanja wa ndege,
ambako hunyesha mvua nyingine kabisa.
Miaka kumi na minne nimeifundisha mvua
kwa takwimu za uwanja wa ndege.

Fomu hatukuzichana, chuo kilizidai.
Tuliziandika nyuma, upande mweupe:
mfereji wa kwa Severino, unaoziba kila Jumanne ya taka;
ufa wenye upana wa kidole, sasa vidole viwili;
mlango wa kizee asiyesikia, agongewe dirisha.
Wanafunzi wawili waliacha. Jumamosi ni Jumamosi.
Ubiratan alinakili siku elfu nne kwenye kompyuta
akiwa na homa, na bado akagombana na wenyeji
juu ya nani ashike ufunguo wa stoo.
Walishika wao.

Makopo yakawa thelathini na manne,
kila moja na mtoto wake wa kulisoma alfajiri.
Mkuu wa kitivo aliuliza matokeo yatatoka lini.
Nikamwambia: yakinyesha.

Baraza la jiji lilitupa dakika nane.
"Mtafiti mkuu ni nani?" aliuliza mhandisi,
na macho yake yakaja kwangu, kwa mazoea.
Jaciara akanyoosha mkono kumwonyesha Bi Zuleide,
aliyekuwa amevaa viatu vya kuazima, vinambana.
Mhandisi alitabasamu, tabasamu la mtu anayengoja mzaha uishe.
Haukuisha. Alisoma madaftari kwa sauti mpaka dakika ya ishirini.
Tuliomba mita tisini za ukuta.
Tulipewa thelathini na moja.

Juni, usiku wa Jumatano, makopo yalipita kumi.
Simu zikaita. Dirisha la kizee likagongwa.
Mlima ulishuka pale pale ukuta ulipokomea,
ukachukua majiko matatu, kamba ya nguo, kuku.
Watu walikuwa shuleni, wamekaa juu ya madawati,
wakihesabiana, wakirudia, wakihesabiana tena.

Nisiitie chumvi hadithi hii. Mita hamsini na tisa bado tunadai.
Ila wiki iliyopita Bi Zuleide alituma bahasha chuoni,
nakala ya takwimu zetu, imesahihishwa kwa kalamu nyekundu:
*Machi kumi na nne haikunyesha. Nilifua mablanketi.
Ubiratan aje, na daftari, tuanze upya ukurasa huo.*