Dola Arobaini na Moja

Marlys Hrycan, nakuandikia
nyuma ya orodha ya mashuka, kwa kalamu ya hospitali,
maana basi namba kumi na nne halipo
na Jumapili ya Saskatoon ni ndefu.

Nakukumbuka ukumbini, chini ya kanisa la Waukraina,
Oktoba, theluji bado inajaribujaribu.
Tulikula perogi kwanza, siasa baadaye.
Duane Froese alikutangulia, kola imenyooka,
akasema jiji ni kama nyumba, usitumie usichonacho.
Mabasi, alisema, yanazunguka matupu
kama sinia lililokwisha kuliwa.
Tukacheka. Masinia yetu yalikuwa bado yamejaa.
Akaapa kodi haitapanda hata senti
tukapiga makofi mpaka vikombe vikalia.

Kisha wewe, na karatasi moja,
miwani imeungwa kwa plasta,
ukasema neno nisilowahi kulisikia kwa mgombea:
"Nitawaongezea kodi."
Ukanyamaza. Ukatuacha tulimeze.
"Dola arobaini na moja kwa mwaka, kwa nyumba ya kadiri.
Nimepiga hesabu mara tatu, ya nne kapiga mwanangu."
Na kwa hizo, ulisema,
basi kila dakika ishirini hadi saa sita usiku,
Jumapili ikiwemo,
na vibanda vyenye ukuta upande unakotoka upepo,
si upande linakopendeza tangazo.

Mzee Penner akainuka na fimbo yake:
"Mimi nina gari. Basi lanihusu nini?"
Ukamuuliza, taratibu, bila kejeli,
"Ukilazwa, Bwana Penner, anayekufulia shuka
anafikaje kazini?"

Hukujua nimekaa safu ya tatu.
Niliitazama perogi yangu.
Anayefua ni mimi.

Usiku ule mezani, mimi na Ernie,
tukazigeuza zile arobaini na moja huku na huku:
viatu vya Kaylee vya baridi,
robo ya tairi,
kahawa ya mwezi na ushei.
Pikapu yetu ilikuwa bado inaunguruma uani.
Mwenye shibe ya leo, nani atamwambia njaa?

Nilikupenda, Marlys. Nikampa kura Froese.

Ulishindwa kwa kura sitini na tatu.
Sisemi zote ni mimi; mimi ni moja.
Lakini hakuna mtu aliyepiga sitini na tatu.

Froese hakudanganya, nimpe haki yake.
Kodi imekaa pale pale kama jiwe la mpaka.
Ila mkono mtupu haulambwi:
Januari wakaja vijana wawili na spana
wakang'oa kibao cha kituo chetu,
wakakiweka nyuma ya lori juu ya vibao vingine.
Ilikuwa nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri.
Mmoja wao aliniambia pole, kama amekuja msibani.
Wiki iliyofuata giaboksi ya pikapu ikafa.

Teksi kwenda, dola ishirini na mbili.
Teksi kurudi, ishirini na mbili.
Jumlisha wewe, ulizoea kujumlisha.
Jumapili moja tu, Marlys. Moja.

Ernie anasema nisijisumbue,
kura ni siri, na siri haina mdai.
Yeye hasimami hapa na vidole ndani ya soksi za mkononi,
akisikiliza upepo ukipita pale ukuta ulipokuwa uwe.

Jana nilikuona dukani, kwenye mboga.
Nilitaka kukuuliza kama utagombea tena.
Nilikuwa na sentensi kamili, nimeipanga tangu mlangoni.
Nikajificha nyuma ya magunia ya unga
kama mtoto aliyevunja kikombe.
Ulikuwa umesimama kwenye vitunguu, miwani ile ile,
ukisoma bei, midomo ikicheza.
Ukachukua vitatu.
Ukapiga hesabu.
Ukarudisha kimoja.