Anaandika

Al-Khoudh, saa saba na robo, basi la shule, kiyoyozi kimekufa.
Zuwena kanilalia begani,
mtandio wake unanuka udi na chipsi za pilipili.

Simu ikatetema. Mundhir.
Ananiuliza, kwa Kiarabu, mtihani wa fizikia ulikuwaje.
Fizikia!
Tangu Ramadhani nangoja aulize kingine.

Nikamjibu kwa Kiswahili, mamake naye ni wa Unguja:
"Mgumu. Nimekukumbuka."
Simu, isiyoijua lugha ya jikoni kwetu,
ikapiga mstari mwekundu chini ya neno
kama Abla Ghaniya anaposahihisha insha.
Nikalifuta. Likabaki "Mgumu."

Tiki mbili. Buluu.
Anaandika...
Kaacha.
Anaandika...

Zuwena kafumbua jicho moja: "Mbona umebana pumzi?"
"Joto," nikasema,
na kwa bahati njema
ilikuwa digrii arubaini na sita.