Nyegere wa Todmorden

Kwanza nilimwona barabarani, amelala ubavu,
saa mbili kasoro, asubuhi ya Januari ambayo haijaamua kucha.
Basi la kutoka Halifax likamkwepa kwa adabu
kama linalopisha jeneza.
Dereva hakusema kitu. Mimi nilisema, Nyegere,
kwa sababu sikuwa na jina jingine mdomoni,
na maiti haifai kupitwa bila kuitwa.

Alhamisi nikaenda maktaba, mezani kwa Bi Doreen Greenwood
anayefundisha wastaafu kufinyanga sufu kwa sindano.
Hakuna maji, hakuna sabuni, hakuna uzi.
Ni bonge la sufu ya kondoo wa vilima vya huku,
bado linanuka mvua,
na sindano nyembamba yenye vimiba visivyoonekana.
Unadunga. Basi.
Unadunga, na nyuzi zinabanana, zinakazana, zinakuwa nyama.

Kazini nachoma sindano moja, namwambia mgonjwa pole.
Hapa nachoma elfu na hakuna wa kumpa pole,
ila kidole changu cha shahada: mara ya tatu
kikatoa tone, likazama kwenye paja la kushoto la mnyama.
Halikufutika. Nikalifunika kwa kijivu.

“Usikimbize mkono,” alisema Bi Doreen.
“Iingie wima, itoke wima. Ukiipinda inavunjika.”
Ikavunjika.
Ncha yake imo humo hadi leo.

Wiki ya nne akawa na miguu. Wiki ya tano mgongo,
nami nikamtandika weupe toka utosini hadi mkiani,
kama shuka, kama nilivyomjua kitabuni darasa la nne,
yule mla asali asiyejali nyuki wala simba.
Bi Doreen akavua miwani. Akaivaa tena.
“Mpenzi,” akasema (huku hata dereva wa basi hukuita mpenzi),
“wa kwetu ana mistari usoni. Mgongo wake kijivu mtupu.”
Nikasema, huyu ni wa kwetu.
“Lakini yule uliyemwona barabarani?”
Nikanyamaza. Kweli, yule hakuwa na asali yoyote.
Alikuwa na mistari, na mvua ikimlowesha sikio.

Basi nikampa vyote: mistari ya huku, shuka la kule.
Mnyama huyo hayumo kitabuni mwa mtu yeyote.

Zikabaki shanga.
Nilizitoa kwenye kichupa cha aspirini, za marehemu mama.
Uzi wake ulikatika yeye akingali hai, akacheka,
akasema, Ziokote, zitafaa.
Nyeusi mbili zikawa macho.
Nyeupe, ndogo kama punje za ulezi, zikawa kucha,
tano kila mguu, na kila moja ilinigharimu kuapa.
“Nzuri mno,” alisema Bi Doreen. “Ni za mkononi au za shingoni?”
Wastaafu sita wakainua vichwa.
Nikasema, Za urithi.
Shanga zikajichekea kiganjani mwangu.
Hazikuwahi kuona mchana, hizo.
Zilizoea giza, na maneno ya watu wawili.

Nyumbani, usiku nisio na zamu, nikahesabu zilizosalia:
samawati, nyekundu, moja ya dhahabu iliyochubuka.
Hazikumtosha mwanadamu tena.
Nikazitunga, nikamzungushia kiunoni,
chini ya manyoya, pasipo jicho la mtu,
dume au jike sikumuuliza.

Sasa anakaa dirishani, anaitazama barabara ya Burnley.
Lori linapita, kioo kinatetema.
Ukimwinua utamsikia.
Usimwinue.