Weka na Doa

Kinywa chenyewe sikijui.
Kwangu hufika plasta, namba, na karatasi
iliyokunjwa mara nne:
jino la mbele, juu, kulia. Kauri tupu, bila chuma.
Jina: Kwandu Masunga.

Hapa ni Kirumba, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la nyavu.
Tanuri langu ni dogo kama debe
lakini kiu yake ya umeme inaishinda mashine ya barafu ya jirani.
Umeme ukikatika katikati ya moto
jino linalia ta! kama bisi,
nami naanza upya, nikiulaani mji mtaa kwa mtaa.

Zamani tulijenga juu ya chuma.
Chuma hakina hiana, sikisemi vibaya,
ila hakijui kujificha:
miaka miwili mitatu, ufizi unarudi nyuma kidogo
na mstari wa kijivu unachungulia
kama shumizi chini ya gauni la kanisani.
Kauri haina cha kuchungulia.
Mwanga unaingia, unazunguka humo ndani,
unatoka umelowa.

Bibi yangu, ukimtajia kauri, angefikiria simbi,
zile zilizofika huku ziwani kwa miguu ya watu
kutoka bahari asiyoiona.
Ningemwambia, ndizo hizo, bibi,
ila hizi zinatafuna.

Daktari alikuwa ameandika rangi: nyeupe kabisa,
ile ya mwanzo wa kibao, ya maharusi na wanasiasa.
Chini yake, kwa kalamu ya risasi,
mwandiko wa mtu aliyezoea ubao:
*Fundi, usinipe jino la kwenye runinga.
Weka na doa. Wenzake wanalo.*

Na picha. Meno ya kisima cha Maswa,
kahawia imepita katikati kama njia ya ng'ombe.

Nayajua maji yale. Niliyanywa mpaka darasa la tano.
Tulipohamia Mwanza wakaniita Chai ya Rangi,
nikajifunza kucheka na kiganja mdomoni,
na kazi hii, nadhani, niliichagua kwa hasira.
Miaka kumi na miwili nafuta madoa.
Hakuna aliyewahi kuniomba nimrudishie.

Nikachukua brashi ya nywele mbili.
Doa la kwanza likawa kutu. Nikafuta.
La pili likawa uchafu, kitu cha kusugua kwa mkaa na chumvi.
Nikaenda dirishani, nikafungua kioo cha poda,
nikajitazama meno yangu mwenyewe
kwa muda ambao sijawahi kuyapa.

Halikai juu, doa. Liko ndani.
Limelala humo tangu jino halijaota,
tangu mtoto anatumwa kisimani na kopo la Kimbo.

Basi la tatu nililiweka kabla ya tabaka la mwisho,
nikalifunika kauri nyembamba kama utando wa uji,
nikafunga tanuri, nikakaa kwenye stuli
nikiuangalia waya wa umeme kama mgonjwa.
Ulivumilia.

Wanaliita taji.
Taji gani hili, ambalo likionekana limeharibika?

Miezi ikapita. Kwenye kivuko cha Kamanga,
jumamosi, upepo wa kupeperusha risiti,
mtoto akaita: Mwalimu Kwandu! Shikamoo!
Mama mmoja akageuka na muhindi wa kuchoma mkononi,
akaung'ata kwa meno ya mbele, bila huruma,
akacheka na punje zake.

Nililitafuta langu.
Mbele, juu, kulia. Kulia kwake, si kwangu.
Nikahesabu. Nikahesabu tena.
Sikulitambua.

"Vipi dada," akauliza, "nimebakiza punje?"
Nikasema hapana, mwalimu, uko safi.
Nikacheka. Mikono yote miwili
ilikuwa imeshika ndoo ya sato.