Moja kwa Thelathini na Tano

Baba anachanganya vumbi la Kongwa na gundi ya mbao,
anakoroga kwa njiti ya kiberiti
mpaka litoke tope la rangi ya chai ya maziwa,
kisha anapaka minyororo.
Minyororo yenyewe ni zipu ya begi langu la shule.
Sikuulizwa.

Kabatini vimejipanga vifaru kumi na saba.
Vya Wajerumani, kijivu cha majivu ya jikoni;
vya Warusi, kijani cha mlenda uliolala;
kimoja cha Waingereza, cha jangwani,
tulichokikosea rangi mara tatu
hadi mama alipoleta unga wa mtama kiganjani:
"Jangwa si hili hapa?"
Ndilo lilikuwa.

Mimi ni wa namba.
Mkono wa baba unatetemeka tangu mvua za mwaka juzi,
kwa hiyo nashika brashi ya unywele mmoja wa mbuzi,
nabana pumzi,
naandika ubavuni tatu, moja, nne,
ndogo kama chawa.
Nikipumua tu, tatu inageuka nane
na kifaru kinahamia kikosi kingine.

Watoto wa jirani huchungulia dirishani.
"Mwalimu kasema kifaru ana pembe!"
"Huyo ni wa *ana*," baba hujibu bila kuinua kichwa.
"Hiki ni cha *kina*."
Wanakubali, wanakimbia.
Wale wa *ana* walitoweka nyika hii, hatujui lini.
Vile vya *kina* vilikuja enzi za babu.

Vilikuja, ndiyo, kwa garimoshi,
vimeng'olewa mizinga kama ng'ombe aliyekatwa pembe.
Vita vimekwisha huko Ulaya, mafuta ya kupikia hayatoshi,
na mtu fulani mbele ya ramani
akaweka kidole: hapa. Karanga.
Babu Mahinyila akapewa vyuma viwili vya kushika
na mnyororo wa kung'olea pori.
Hakupigana na mtu. Alipigana na mizizi.
Kisha jua likaugeuza udongo sakafu,
karanga zikabanwa humo kama magego.
Alirudi nyumbani na ngurumo masikioni,
haikumtoka hadi kufa;
ukimwita chakula, anatazama mlima.

Cha kumi na saba ndicho chake.
Hakina mzinga, hakina namba.
Baba hakunipa nikiguse.

Jumamosi alikuja Bwana Kileo, mhasibu, kutoka Dodoma mjini.
Alivaa glavu nyeupe kama daktari,
akachagua vinne, hakuomba kupunguziwa.
Akainama mbele ya cha kumi na saba.
"Hiki bado hakijaisha."
"Kimeisha."
"Kiwekee mzinga, nitakupa laki mbili."

Laki mbili ni bati saba.
Nje, mama aliacha kupepeta;
nilisikia ungo ukinyamaza.
Nikamtazama baba. Baba akatazama brashi,
akaifuta, akaifuta tena.
"Mzinga wake," akasema, "ulibaki huko walikouvua."

Usiku, gari lilipokwisha kuondoka na namba zangu,
nilichukua rula.
Kwa kipimo chetu, nyumba hii yote
inaenea kwenye boksi la viatu.
Babu angesimama sawa na kidole changu cha mwisho.
Nikaenda jikoni, nikatoa karanga moja kwenye kikombe,
nikaiweka mbele ya chuma kile kisicho na pembe.

Kwa kipimo hicho, karanga ni boga.
Babu angeikumbatia kwa mikono miwili,
angeyumba nayo hadi kituoni,
na pale mbele ya ramani mtu angepiga makofi.

Asubuhi haikuwepo.
"Panya," alisema baba,
akitafuna.